Printa ya Mama na daftari la mtandao

Leo sitaandika kuhusu programu wala lugha za kuandikia programu. Nataka kuzungumzia kazi ambayo sisi watengenezaji wa programu huidharau sana, yaani kuunganisha kompyuta tatu, printa mbili na ruta moja katika duka dogo.

Kazi hiyo nimeifanya mara mbili katika duka lile lile. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili, nami nikaiharibu. Mara ya pili ilinichukua siku mbili, na hadi leo haijanirudisha huko kwa ajili ya matengenezo. Mashine zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa kitu cha shilingi hamsini ambacho tutakifikia.

Duka lenyewe ni la mamangu, liko Voi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Alipostaafu hakutaka kukaa nyumbani akihesabu kuku, kwa hiyo akafungua duka la kuuza madaftari na kalamu, kupiga fotokopi, kuchapa barua na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali kwenye intaneti. Mtaa mzima unamwita Mwalimu hadi leo. Mwaka wa 2018 alikopa shilingi 60,000 kwenye chama, akaongeza akiba yake, akanunua kompyuta mbili za mitumba na printa ya leza ya wino mweusi. Tayari alikuwa na kompyuta moja ya zamani na printa ndogo ya rangi. Kisha akanipigia simu.

"Baba, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Njoo uniunganishie hivi vitu."

Watu wengi hudhani mtu wa kompyuta ni mmoja tu. Kumwita mwandishi wa programu aje aunganishe mtandao ni kama kumwita dereva wa basi aje akufungulie giaboksi. Lakini sikumwambia hivyo. Mimi ni mtoto wake, tena nina digrii aliyoilipia yeye. Ningekubali vipi kushindwa na swichi ya shilingi elfu mbili?

Nilifika Desemba 2018, kati ya Krismasi na mwaka mpya. Ruta ya kampuni ya intaneti ilikuwa na matundu manne ya kebo, nikaongeza swichi ya matundu manane. Kompyuta mbili zilikaa mbele, moja kwenye kaunta na nyingine karibu na dirisha, na ya tatu ikakaa chumba cha nyuma pamoja na printa ya leza. Printa hiyo niliiunganisha kwa kebo kwenye swichi ili kompyuta zote ziitumie. Printa ya rangi ilikuwa na tundu la USB pekee, nikaichomeka kwenye kompyuta ya kaunta. Nikachapisha karatasi ya hali ya printa, nikaona ruta imeipa anwani 192.168.1.103. Nikaiingiza namba hiyo kwenye kompyuta zote tatu. Karatasi ya majaribio ikatoka. Mama akapiga makofi, nami nikajiona bingwa.

Nikamwambia, "Mama, ukipata shida nipigie." Nikarudi Nairobi.

Kwa wasiojua, hapo tayari nilikuwa nimetega bomu. Kila kifaa kwenye mtandao huwa na anwani ya IP. Anwani zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengewa mitandao ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka wa 1996. Ndiyo maana duka la Voi na ofisi ya Kisumu zinaweza kutumia namba zile zile bila kugongana. Kazi ya kuzigawa hufanywa na huduma inayoitwa DHCP, ambayo katika duka dogo hukaa ndani ya ruta.

DHCP ni kama mapokezi ya gesti. Mgeni akifika anapewa chumba kilicho wazi. Leo chumba cha 103, kesho huenda 107. Kwa mgeni hilo si tatizo, kwa sababu yeye ndiye anayetoka kwenda kutafuta watu. Lakini printa haitoki kumtafuta mtu. Printa hutafutwa. Ni kama fundi cherehani aliyekodi chumba cha gesti: ukimhamisha kila siku, wateja wake watabisha hodi kwa mtu mwingine.

Nami nilikuwa nimeziambia kompyuta tatu kwamba fundi cherehani yuko chumba cha 103 daima.

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja ya Februari 2019, stima ilipotea. Ikarudi alfajiri. Hilo ni jambo la kawaida, hakuna aliyeshtuka. Saa mbili asubuhi msichana anayemsaidia Mama dukani alifungua mlango, akawasha kompyuta, akawasha printa. Taa ya kijani ikawaka. Akabonyeza kuchapisha. Kimya.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa vijitabu 200 vya mazishi. Marehemu alikuwa mwalimu aliyefundisha shule moja na Mama. Alikuwa azikwe Jumamosi asubuhi kijijini kwao, huko juu milimani Taita. Kijitabu kilikuwa na kurasa 12: picha, wasifu, ratiba ya ibada, nyimbo, shukrani, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wajukuu. Kila mjukuu alikuwa ameandika sentensi moja au mbili kwa babu. Mama alikuwa amezichapa mwenyewe usiku, hakutaka kumwachia mtu mwingine.

Mimi siku hiyo nilikuwa Nairobi, tunampelekea mteja toleo jipya la programu. Simu nilikuwa nimeiweka kimya. Nilipoitoa mfukoni saa saba mchana, nilikuta simu 11 nilizokosa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Usijali, baba. Tumeshapeleka kuchapisha kwingine."

Mama akisema usijali kwa sauti ile, jali.

Habari kamili niliipata kwa yule msichana jioni. Walizima na kuwasha kila kitu mara tatu. Wakamwita fundi wa jirani. Fundi akaja, akaomba nenosiri la ruta. Hakuna aliyelijua. Lilikuwa kwenye simu yangu, Nairobi. Fundi akaenda zake. Saa tano, huku watu wa familia wamekaa kwenye benchi wakitazama saa, Mama akachukua flashi, akapanda bodaboda, akaenda kwenye duka la mshindani wake akalipa bei ya mteja wa kawaida.

Nikamwuliza msichana, "Hebu fungua lile kabati chini ya kaunta. Kuna boksi la printa. Ndani yake kuna waya mweupe. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ingiza upande mmoja kwenye printa, upande wa pili kwenye kompyuta ya nyuma."

Baada ya dakika tano printa ikaanza kunguruma. Msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe huu waya ulikuwa hapa siku zote, kaka?"

Sikuwa na jibu.

Kuna jambo moja ambalo hakunieleza siku ile, nililijua baadaye. Kule kwa mshindani faili ilifunguliwa kwenye programu ya toleo la zamani ambayo haikuwa na aina ya herufi aliyotumia Mama. Maneno yakasogea, kurasa 12 zikawa 13. Kurasa 12 za kijitabu zinaenea kwenye karatasi tatu zilizochapwa pande mbili na kukunjwa. Ya 13 inahitaji karatasi ya nne. Kwa haraka ile wakachapisha 12 na kubana pini. Mama aligundua akiwa kanisani, alipofika mwisho wa kijitabu na kuona ukurasa wa wajukuu haupo. Alisimama akaiomba familia msamaha, na hakuchukua hata senti moja kwao.

Nimewahi kuandika programu zenye makosa yaliyowagharimu watu pesa. Lakini hakuna kosa lililoniuma kama anwani ile ya IP.

Wiki iliyofuata nilipanda treni ya asubuhi hadi Voi. Njiani nilikumbuka kisa ambacho nilikuwa nimekisoma chuoni na kukisahau. Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliandika waraka wa kueleza Etheneti. Yeye na David Boggs ndio walioijenga, ikienda kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Sababu kubwa ya kuihitaji ni kwamba kituo hicho kilikuwa na kompyuta nyingi za Alto na printa mpya ya leza iliyobuniwa na Gary Starkweather, yenye uwezo wa kutoa ukurasa mmoja kila sekunde. Walitaka kompyuta zote ziifikie printa hiyo.

Yaani waya huu ambao leo tunauona ni wa intaneti, tangu mwanzo kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa kushiriki printa. Halafu mimi, zaidi ya miaka 45 baadaye, nilikuwa nimeichukulia printa kama kitu cha kumalizia tu.

Kufika dukani nikafungua ukurasa wa ruta na kutazama orodha ya vifaa. Chumba cha 103 kilikuwa na simu ya kijana mmoja wa kinyozi jirani. Mama, kwa wema wake, alikuwa amewapa majirani nenosiri la Wi-Fi. Stima iliporudi alfajiri ile, ruta ilikuwa imesahau orodha yake yote. Simu zina betri, kwa hiyo zilijiunga mara moja, zikapewa anwani za mwanzo. Printa iliwashwa saa mbili, ikapewa kilichobaki. Vijitabu vya marehemu vilikuwa vikitumwa kwenye simu ya mtu anayesubiri kunyolewa. Simu haikujua la kufanya navyo, ikavikataa.

Mama hakukosea kuwa jirani mwema. Mimi ndiye niliyejenga nyumba ambayo wageni na wenyeji wanapita mlango mmoja.

Safari hii sikugusa kitu peke yangu. Nilimwomba yule msichana aketi kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake, na kila kitu alikifanya kwa mkono wake. Tulianza na ruta. Aliiambia igawe anwani kuanzia 100 hadi 199 tu. Kisha akaipa printa ya leza anwani ya kudumu, 192.168.1.10, nje kabisa ya vyumba vya gesti. Nikamwambia hiyo ni kama S.L.P.: watu wanahama, sanduku la posta linabaki. Kompyuta tatu zikapata 21, 22 na 23. Halafu akafungua mtandao wa pili wa Wi-Fi kwa ajili ya wageni, wenye nenosiri lake, usioweza kuziona kompyuta za duka. Majirani hawakunyimwa intaneti, walipewa mlango wao.

Baada ya hapo tukageukia kebo. Ile ya chumba cha nyuma nilikuwa nimeipitisha chini ya mlango, na mlango ulikuwa umeshaanza kuitafuna. Tukapima nyingine ya mita 22 kupitia darini. Hakuna shida, kwani kebo ya aina hiyo inaruhusiwa hadi mita 100. Nikamfundisha kubana vichwa. Waya nane, kwa mpangilio huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Akaniuliza, "Kaka, mbona kijani imetenganishwa na mwenzake?"

Swali zuri sana. Mimi nilikuwa nimekariri tu mpangilio huo kwa miaka bila kuuliza. Waya hizo huenda kwa jozi, na kila jozi imesokotwa ili kelele za umeme zijifute zenyewe. Nafasi mbili za katikati, ya nne na ya tano, zilifuata utaratibu wa waya za simu, kwa hiyo jozi nyingine ikalazimika kuziruka na kukaa nafasi ya tatu na ya sita. Ukiweka kijani mbili pamoja, kebo inaweza kuonekana nzuri kwa macho lakini ikasumbua kazini. Kichwa chake cha kwanza kilishindwa. Cha pili pia. Cha tatu kilishika, na taa ya swichi ikawaka.

Tukanunua pia betri ndogo ya kushikilia ruta na swichi stima ikipotea kidogo. Printa ya leza hatukuichomeka hapo. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na betri ndogo haiwezi.

Sasa tufikie kile kitu cha shilingi hamsini. Ni daftari la kawaida, lile la mistari ambalo Mama anauza. Kwenye ukurasa wa kwanza tuliandika hivi, kwa wino:

Ruta: 192.168.1.1, iko juu ya kabati.
Printa nyeusi: 192.168.1.10. Haibadiliki.
Kaunta 21. Dirishani 22. Nyuma 23.
Printa ya rangi inategemea kompyuta ya kaunta. Kaunta ikizimwa, rangi haitoki.
Simu na wageni: 100 hadi 199, ruta inagawa yenyewe.
Nenosiri la ruta: kwenye bahasha, droo ya Mwalimu.

Na ukurasa wa pili:

Printa ikikataa:
1. Tazama taa kwenye swichi. Tundu la printa lina taa? Kama halina, ni kebo.
2. Chapisha karatasi ya hali kutoka kwenye printa yenyewe. Anwani ni ile ya ukurasa wa kwanza?
3. Futa kazi zilizokwama kwenye kompyuta, tuma moja tu.
4. Kama mteja anasubiri, usihangaike na mtandao. Chukua waya wa USB, ndoano ya ukutani.
5. Kazi ya mteja ihifadhiwe pia kama PDF. Ikibidi kuchapisha kwingine, peleka PDF, kurasa hazitasogea.
6. Mpigie kaka.

Angalia mahali namba yangu ya simu ilipo. Mara ya kwanza ilikuwa ndiyo hatua ya kwanza na ya mwisho.

Jumapili jioni, kabla sijaondoka, nilifanya mtihani. Nilizima swichi kuu ya umeme, nikawasha baada ya dakika kumi, nikaenda kunywa chai hoteli ya jirani. Niliporudi msichana alikuwa ameshachapisha karatasi ya majaribio. Alipokuwa akihudumia mteja, nikachomoa kebo moja kimyakimya. Alihangaika kama dakika nne, akafungua daftari, akatazama taa, akaona tundu lililo giza. Akanitazama kwa jicho baya. "Kaka, ni wewe!" Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Februari 2020 familia ya yule mwalimu ilirudi dukani. Walikuwa na misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, wakataka vijitabu. Mama alikuwa bado ameihifadhi faili. Alichapisha vyote kwenye printa yake, bila malipo, na ukurasa wa wajukuu akauweka wa kwanza. Sikuwepo. Alinitumia picha tu, bila maneno.

Mwaka wa 2021 Mama alibadilisha kampuni ya intaneti. Ruta mpya ilikuja na anwani zinazoanza na 192.168.100, na kwa kawaida hapo kila kitu cha kudumu kingekwama. Mimi sikuambiwa chochote. Nilikuja kujua miezi miwili baadaye nilipokwenda kusalimia. Nilifungua daftari nikakuta mwandiko wangu umepigwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni anwani mpya zote zimeandikwa kwa mwandiko wa msichana, pamoja na tarehe. Hatua ya sita nayo ilikuwa imekatwa.

Nakubali kwamba moyo uliniuma kidogo. Kisha nikafurahi sana.

Msichana yule aliondoka kwenda chuo mwaka wa 2022. Kabla hajaondoka alimkalisha aliyemrithi kwenye kiti kile kile, yeye akasimama nyuma. Daftari sasa limefika ukurasa wa tisa, na kuna mambo ndani yake ambayo mimi siyajui.

Basi ndugu yangu, kama umeitwa na mama, shangazi, kanisa au shule uunganishe kompyuta chache na printa, usijivunie karatasi ya majaribio ikitoka. Printa ipe anwani isiyohama. Wageni wape mlango wao. Halafu nunua daftari, na hakikisha anayeandika ndani yake ni yule atakayebaki dukani stima ikipotea.

Haya, kazi njema. Hadi wakati mwingine.